Somo: Kujiandaa na swali la tamthilia kwa karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya

Habari zenu wote. Tangu shule zifunguliwe nimekuwa nikiulizwa hii kitu mmoja mmoja, sana sana na watu wa fomu foo, kwa hivyo leo nimekaa chini nikaandika yote pahali pamoja. Mimi nafundisha Kiswahili huku Kisumu na tamthilia ndiyo sehemu naipenda kuliko zote, na inaniuma kuona mtoto mwenye akili zake anapoteza maksi hapo kwa sababu tu alifunzwa kukariri.

Kitu cha maana kabisa nakiweka hapa mwanzo. Mtahini hataki umsimulie hadithi, hadithi anaijua. Anataka kuona kama unajua nani alimwambia nani, wakiwa wapi, na kwa nini alisema vile. Ukishika hayo manne, wahusika na maudhui na mbinu vyote vinakuja vyenyewe. Ukikosa, hata ukimeza mwongozo mzima (kile kitabu cha notsi na majibu tayari) kutoka jalada hadi jalada bado utababaika.

Tuelewane pia kuhusu karatasi yenyewe, ile ya fasihi, namba 102/3. Ni saa mbili na nusu, maksi 80, na ukikumbuka Kiswahili chote ni maksi 200 utaona fasihi peke yake ni asilimia 40, si kitu ya kusoma wiki ya mwisho. Unajibu maswali manne, kila moja 20. La kwanza ni la lazima, hayo mengine matatu unachagua kwa sehemu zilizobaki na huruhusiwi kujibu mawili kutoka sehemu moja. Usijidanganye eti utakimbilia ushairi na fasihi simulizi uiache tamthilia, maana swali la lazima halikai sehemu moja kila mwaka, linaweza kukupata hapo hapo ulipokimbia.

HATUA YA 1: Funga mwongozo, fungua kitabu

Wengi wenu mko na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Isome yote kwanza bila notsi za mtu. Tamthilia ni fupi, jioni mbili za prepu zinatosha. Na isomeni kwa sauti, mgawane wahusika, huyu awe Sara, huyu Yona mumewe, huyu Neema binti yao, huyu Bunju mume wa Neema, hata kama shule ni ya wavulana pekee na mtu anaona haya kusoma sehemu ya mama. Hii kazi iliandikwa isemwe, na ukiisema mara moja mdomo wako unakumbuka ni nani alisema, kitu ambacho macho peke yake hayafanyi.

Halafu yale maneno ya mabano, maelekezo ya jukwaa, yasomeni pia. Wanafunzi wengi huyaruka na ndiyo yanabeba ushahidi bora. Nitawaonyesha hapo chini.

HATUA YA 2: Daftari ya maonyesho

Kila onyesho lipe ukurasa mmoja. Andika nani wako hapo, wako wapi, kumebadilika nini kati ya mwanzo na mwisho wa hilo onyesho, na maneno mawili matatu mazito yaliyosemwa pamoja na msemaji wake. Basi. Usiandike insha humo. Ukurasa ukijaa sana ujue umeanza kunakili kitabu.

HATUA YA 3: Dondoo

Dondoo ni maneno yaliyonukuliwa kutoka kitabu, unaulizwa maswali juu yake. Hapa ndipo nitakaa sana kwa sababu hapa ndipo watu huanguka. Nimebuni kipande kidogo mwenyewe, hakiko kwa kitabu chochote, ndio msiende kukitafuta. Tuseme tuko ufuoni hapa ziwani:

CHIFU: (Akiangalia saa) Ufuo ni wa serikali, mama. Jioni nisipate meza hata moja hapa.
MAMA SAMAKI: (Anaendelea kutoa magamba ya mbuta, hamtazami) Serikali ni mvua? Inyeshe kwa meza yangu tu, kule kwa hoteli ya ndugu yako kukauke?

Swali: "Serikali ni mvua?" (a) Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4. (b) Bainisha mbinu mbili za lugha, alama 4. (c) Eleza sifa tatu za msemaji, alama 6. (d) Onyesha maudhui yanayojitokeza na jinsi yanavyojitokeza, alama 6.

Muktadha ni vitu vinne, maksi moja moja. Msemaji ni Mama Samaki. Anamwambia Chifu. Wako ufuoni, kwenye meza ya samaki. Ni baada ya Chifu kumwamuru aondoe meza kabla ya jioni. Mistari minne, umemaliza, songa. Kuna mtu atajaza ukurasa mzima kwa maksi nne akianza na "hapo zamani mama huyu aliolewa", na hapewi kitu cha ziada, na saa imeenda.

Mbinu: swali la balagha, kwa sababu anauliza bila kutaka jibu. Jazanda, mvua inasimamia sheria ambayo ingefaa ishukie kila mtu sawa lakini hapa inachagua. Kejeli pia iko. Angalieni nilivyofanya, sikutaja jina la mbinu nikaondoka, nimesema kwa nini ni hiyo mbinu. Ukiandika "balagha, jazanda" bila maelezo umechukua nusu ya maksi ukaacha nusu mezani.

Sifa ndizo zinanileta kwa yale mabano. Ni jasiri, utathibitisha kwa nini? Anamjibu mtu wa serikali bila hata kumtazama. Hilo "hamtazami" liko kwa maelekezo, si kwa maneno aliyosema, aliyeruka mabano hana huo ushahidi. Ni mwenye bidii, anaendelea na samaki wake huku akifukuzwa. Ni mwenye utambuzi, ameshaona kwamba hoteli ya ndugu yake Chifu haijaguswa.

Maudhui sasa: upendeleo, matumizi mabaya ya mamlaka, jitihada za mwanamke kujitafutia riziki. Kila moja na ushahidi wake kutoka hapo hapo kwa kipande.

Mnaona mistari miwili imezaa maksi 20? Fanyeni hivi na mistari ya kitabu chenu. Kila jioni mtu mmoja achague mstari, wenzake wajibu bila kufungua kitabu, kisha mfungue mhakikishe.

HATUA YA 4: Sifa si umuhimu

Hii nitapita haraka. Ukiulizwa sifa, unaeleza mtu alivyo: Sara ni mvumilivu, thibitisha. Ukiulizwa umuhimu, unaeleza mwandishi anamtumia kufanya nini: kupitia kwa Sara tunaona mzigo wa mwanamke mgonjwa ambaye bado jamii inamtegemea jikoni. Majibu mawili tofauti kabisa.

Na tafadhali msimalizie Yona kwa "ni mlevi" halafu mkasonga. Ulevi wake una kilichousukuma, yako maneno ya watu na ile presha ya kutaka mtoto wa kiume. Mwanafunzi anayeuliza "kwa nini" ndiye anapata hoja tatu pale mwingine alipata moja. Hata Bunju, kabla hujamwita mchoyo, jiulize yeye mwenyewe anajitetea vipi.

HATUA YA 5: Swali la insha, maksi zote 20

Hapa unapewa kauli, unaambiwa jadili au thibitisha. Piga mstari chini ya maneno yanayoamrisha. Kisha dakika tano andika hoja pembeni, lenga hoja kumi, maana hoja iliyotajwa na kuthibitishwa mara nyingi hubeba maksi mbili. Kila hoja aya yake fupi: hoja, tukio kutoka kitabu, halafu sentensi inayorudisha hilo tukio kwa swali. Hiyo sentensi ya tatu ndiyo inasahaulika kila mwaka. Mtu anaandika "Neema anasimamia matibabu ya mama yake" anaacha hapo, kwani swali lilikuwa gani? Kama lilikuwa wajibu wa watoto kwa wazazi, sema hivyo, usimwachie mtahini akuunganishie.

HATUA YA 6: Saa

Dakika 150 kwa maswali manne. Mimi huwaambia dakika 35 kila swali, zinabaki 10 za kusoma karatasi mwanzo na kupitia majibu mwisho. Ikifika 35 hujamaliza, acha nafasi uende lingine.

Karatasi za zamani pia fanyeni, hata zile za enzi ya Kigogo, tamthilia iliyotahiniwa kabla ya hii. Majina ya wahusika hayatawasaidia lakini jinsi swali linavyoulizwa ni ile ile.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi, Mumias: Mwalimu sisi tuko watano kwa kitabu kimoja na mwenye nacho akienda nacho wikendi tumeisha, tufanyeje?

Jibu: Pole sana, na hamko peke yenu. Mmoja asome kwa sauti wanne wasikilize huku kila mtu akiandika ile daftari ya maonyesho. Halafu gawaneni maonyesho, kila mtu anakili kwa mkono mazungumzo mazito ya sehemu yake na mbadilishane. Wikendi kitabu kikienda mnabaki na daftari tano, na aliyenakili kwa mkono hasahau haraka.

Mzazi, Webuye: Habari mwalimu. Kijana wangu amekariri mwongozo wote, ukimuuliza dhamira anakutajia kama maji lakini maswali ya dondoo analeta 7 kwa 20. Shida ni nini, nimnunulie mwongozo mwingine?

Jibu: Hapana mama, hizo pesa ziweke. Mwongozo unampa majibu lakini haumwambii nani alikuwa anaongea na nani. Jioni moja chukua kitabu chenyewe, msomee mstari wowote, yeye akwambie msemaji, msemewa, mahali na sababu. Wewe huhitaji kujua fasihi kufanya hivyo, kitabu kiko mkononi mwako kitakuonyesha kama amepata.

Kisumu ndogo: mwalimu enyewe mimi nachanganya s na sh, naandika "sida" badala ya shida, na majina ya wahusika nakosea, je nitapoteza maksi?

Jibu: Hilo ni la wengi wetu tunaotoka kwa Dholuo, lugha ya mama haina hiyo sauti kwa hivyo sikio linahitaji mazoezi. Majina ya wahusika andika orodha moja uyaone kila siku, hayo hayana sababu ya kukosewa. Istilahi pia, tashbihi, tashihisi, taharuki, ziandike mara nyingi. Na soma kwa sauti, hatua ya 1 inakusaidia hata hapa.

Mwanafunzi, Nakuru: Kuna watu walikuja kuigiza kitabu, nikitazama hiyo inatosha? Hata wengine wanaigiza pale Nakuru Players.

Jibu: Nenda utazame kabisa, utaona wahusika wakitembea na utaelewa kwa nini mtu alinyamaza mahali fulani. Lakini soma kwanza ndio uende, kwa sababu waigizaji hukata sehemu ili muda utoshe na huongeza vichekesho vyao ili ukumbi ucheke. Usije ukaandika kwa mtihani maneno ambayo mwandishi hakuyaandika.

Fomu 3, Vihiga: Nikisahau mahali kwa muktadha niandike tu nyumbani?

Jibu: Nyumbani kwa nani? "Nyumbani" peke yake ni hatari kwa tamthilia inayohama kati ya kijijini na mjini. Kumbuka ni kina nani walikuwa pamoja, hapo utakumbuka walikuwa kwa nani. Ukikosa kabisa, andika hayo mengine matatu vizuri, hiyo ni 3 kwa 4, kisha uende (b).

Mwanafunzi, Kakamega: na namba ya ukurasa lazima nitaje?

Jibu: Huulizwi namba ya ukurasa. Taja tukio na waliohusika. Ukurasa uandike kwa daftari yako ya kusomea tu, ndio ukitaka kuhakikisha jambo ulipate haraka.