Ukimaliza kula usiku usikae kwanza

Wale wenzangu wa kula ugali saa 2 usiku afu moja kwa moja kwenye kochi na simu, jaribuni hii: ukishanawa mikono tu toka nje utembee dakika 10. Yaani usikae kwanza, maana ukishakaa imeisha hiyo. Mi ile safari ya kwa Mangi kununua mkate wa asubuhi nimeihamishia hapo hapo baada ya kula, badala ya kumtuma mtoto, na ndala zinakaa mlangoni kabisa.

Inavyosaidia ni kwamba ugali, wali, chapati vyote vinaishia kuwa sukari kwenye damu na inapanda sana ndani ya saa moja hivi baada ya kula, sasa misuli ya miguu ikiwa kazini inaivuta hiyo sukari na kuitumia, hata kwa mtu ambaye insulini yake (homoni ya mwili inayoshusha sukari kwenye damu) haifanyi kazi vizuri. Mwendo wa kupiga stori tu, ukikimbia utapata kichomi na kiungulia juu.

Inapogoma ni siku za mvua, au mtaa una giza na mbwa, hapo zunguka uani au simama uoshe vyombo, si sawa na kutembea ila afadhali. Kama unachoma insulini au unameza dawa za kushusha sukari ongea na daktari wako kwanza, isije ikashuka sana ukiwa njiani. Na kitambi usikitegemee kuisha kwa hii peke yake, changu bado kipo.