Unaandika rikodi kutwa? Kibodi ichague kwa kidole kidogo

Wengi wanaofanya kazi ya kusikiliza mahojiano na kuyaandika, wakenda kutafuta kibodi wanaanza na bei, au na yale mataa ya rangi chini ya herufi, mie nasema anza na kidole chako kidogo cha mkono wa kushoto. Mana Kiswahili chetu hichi hakuna herufi inayobonyezwa kuliko A, na A ndo kazi ya kidole hicho, kidole dhaifu kuliko vyote. Andika tu "wakamwambia hatakaa" uone. Kibodi ikiwa ngumu, mahojiano ya saa moja hayajesha mkono ushawaka moto mpaka kiwikoni.

Kwa hiyo wepesi kwanza. Zile za kawaida za raba ndani si mbaya zikiwa mpya, ila raba ikichoka kila herufi unaikandamiza. Za swichi, yani kila herufi ina kibonyezo chake chenye springi chini, zinadumu zaidi, na hapo uliza ni swichi gani: kwa swichi za kampuni ya Cherry, zile za MX, nyekundu inabonyea kwa nguvu ya sentinyutoni 45, buluu inataka 60, halafu buluu inalia taktaktak, sasa ukiwa unafanya kazi usiku na watoto wamelala chumba hicho hicho utajua mwenyewe. Nyekundu herufi inaandikika ikifika nusu ya njia, milimita 2 kati ya 4, huna haja ya kuipiga mpaka chini. Lakini kama una tabia ya kuegemeza vidole itakuandikia vitu hukuvitaka.

Mtumba nao una mitego yake. Ukiokota kibodi nzuri sokoni Darajani, Unguja, tazama herufi zimekaaje, zilotengenezwa kwa Ujerumani Y na Z zimebadilishana nafasi, na sie kila sentensi ina ya na za, balaa hilo! Ya Kifaransa A iko pale kwenye Q. Kwenye kompyuta unaweza kubadilisha mpangilio, sawa, ila maandishi ya juu yatakuwa yanakudanganya kila ukitupa jicho. Zenye Kiarabu pembeni hazina neno, Kilatini chake kiko pale pale.

Jambo watu wanalolisahau ni F za juu, ile safu ya F1 mpaka F12. Programu ya kusikilizia rikodi huku unaandika, kama Express Scribe, inasimamisha sauti kwa F4 na kuiendeleza kwa F9, sasa zile kibodi ndogo ndogo ambazo F huipati mpaka ushike Fn kwanza, achana nazo kabisa, labda uwe na pedali ya mguu ya kusimamishia sauti.

Kujaribu dukani ni rahisi, chukua waya wa OTG, ule mfupi wa kuunganisha vitu vya USB na simu, chomeka kibodi kwenye simu yako ya Android, fungua sehemu ya kuandika, mwambie muuzaji "kaka, niwie radhi nijaribu kidogo", uandike aya nzima bila haraka, na ng'ombe na ng'ambo zimo, mana ile alama ya juu nayo kuna kibodi imefichwa pabaya.

Ya waya inatosha, betri za nini. Ukishafika nayo nyumbani vile vimguu vya nyuma usivinyanyue, vinakunja kiganja kwa juu, iache ilale. Na kama unatumia laptop ipandishe juu ya vitabu mpaka kioo kifike usawa wa macho, kibodi ikae chini mbele yako, na usiku ifunike kitambaa, upepo wetu wa chumvi hauchagui.