Ukiletewa ripoti ya tundu la usalama kwenye mradi wako wa opensosi: tunavyofanya sisi hapa Kigoma, hatua kwa hatua

Wadau habari zenu. Mimi ni mmoja wa watu watatu tunaotunza programu ndogo ya opensosi (msimbo wake uko wazi, yeyote anausoma na kuutumia) inayofanya kazi ya daftari pale mwaloni Kibirizi: nani kaleta magunia mangapi ya dagaa, nani kachukua kwa mkopo, kalipa ngapi, kabakiza ngapi. Inakaa kwenye kompyuta moja ya kikundi (ndiyo seva), watu wanaifungua kwa simu zao. Msimbo uko GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa miradi, anayetaka anachukua bure, na wanachukua kweli, kuna kikundi Katonga, kuna wengine Kagunga huko mpakani, kuna jamaa yuko Rumonge upande wa Burundi alituandikia anataka kuiweka kwa Kirundi. Waliobaki hatuwajui kabisa. Hilo la kutowajua watumiaji lishike vizuri maana ndio linaamua karibu kila hatua hapo chini.

Mara ya kwanza kuletewa ripoti ya usalama tuliiharibu. Kijana mmoja alituandikia imeili ya adabu kabisa, akaeleza kwamba ukifungua risiti yako ukabadilisha namba ya mwisho kwenye linki, 481 ukaweka 482, inafunguka risiti ya mtu mwingine na deni lake lote. Imeili ikaenda kwenye anwani ya mwenzetu ambaye kipindi hicho alikuwa safarini, ikakaa siku 19. Kijana akachoka, akafungua ishu ya wazi (chapisho la kuripoti tatizo kwenye ukurasa wa mradi, kila mtu analisoma) na maelezo yote, mpaka skrinshoti. Ilikuwa Jumamosi, umeme umekatika tangu asubuhi, mimi niko mwaloni na simu ina chaji ya kubahatisha, na kabla ya jioni deni la mama mmoja lilishasomwa na watu wanaonunua naye kila siku. Mwaloni deni la mtu ni siri yake na heshima yake, yule mama hakuja sokoni siku nne. Kijana hakukosea, tuliokosea ni sisi. Haya yote yafuatayo tumeyajenga baada ya siku ile.

Hatua ya 1: Weka mlango kabla mgeni hajafika

Tengeneza faili linaitwa SECURITY.md, liweke mwanzoni kabisa mwa repo (ghala la mradi huko GitHub). GitHub inalitambua yenyewe na kulionesha kwenye tabo ya Security. Halafu ingia setingi za repo, sehemu ya usalama, washa kitu kinaitwa "Private vulnerability reporting", hapo mtu yeyote mwenye akaunti anapata kitufe cha kukuletea ripoti ambayo mnaiona nyie watunzaji na yeye tu. Dakika tano. Kama unaendesha na tovuti, kuna faili jingine la security.txt linalokaa kwenye folda ya .well-known, limewekewa utaratibu wake kwenye waraka wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 9116 wa mwaka 2022, lenyewe linamwambia mtu aripoti wapi.

Faili letu la SECURITY.md linasomeka hivi, likopi kama unalipenda:

"Ukiona tundu la usalama usifungue ishu ya wazi. Tumia kitufe cha kuripoti kwenye tabo ya Security, au tuma imeili kwenye anwani iliyoko hapa chini, inasomwa na watu watatu. Tutakujibu ndani ya siku 3. Jaribu kwenye nakala uliyoisimika mwenyewe, usijaribu kwenye seva ya kikundi chochote, usifungue taarifa za mtu halisi. Matoleo tunayoyarekebisha ni 2.x na 1.8. Hela ya kulipa hatuna, jina lako tutaliandika ukitaka."

Kuna mistari miwili hapo naomba usiiruke. "Inasomwa na watu watatu", yaani anwani isiwe ya mtu mmoja, iwe ya mradi, na kila mmoja wenu aipate kwenye simu. Na ule wa kujaribu kwenye nakala yako: hapa Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, wewe mtunza mradi huna uwezo wa kumpa mtu ruhusa ya kuchokonoa seva ya kikundi cha Katonga. Ila msimbo ni huria, akausimike kwake autoboe anavyotaka. Vijana wengi wanaona tundu wanakaa kimya kwa kuogopa polisi, ukiwaandikia wazi mipaka iko wapi wanapata moyo wa kusema.

Hatua ya 2: Mjibu mtu kwanza, tundu baadae

Ripoti ikiingia usikimbilie msimbo. Jibu. Hata kama hujaelewa kitu, hata kama unahisi amekosea. Mimi huwa naandika hivi:

"Habari ndugu. Asante sana kwa kutuletea sisi kwanza. Ripoti nimeipata na nimeisoma, mimi ndio ntakuwa naishughulikia. Kesho jioni nikitoka kazini ntajaribu kuirudia kwangu, na Ijumaa ntakuandikia nimeona nini hata kama sijamaliza. Naomba ibaki kati yetu mpaka kiraka kitoke. Ijumaa ikipita kimya nikumbushe, wala hautakuwa unanisumbua."

Kiraka ni marekebisho ya msimbo yanayoziba tundu. Angalia kwamba kuna jina la siku. "Tunalifanyia kazi" peke yake haimsaidii mtu, hajui asubiri wiki au mwaka. Ukisema Ijumaa, Ijumaa uandike, hata mistari miwili. Mtu akiona unatimiza hivo vidogo atakuvumilia kwenye kikubwa, nimeliona hilo mara kadhaa sasa.

Na lawama ndani ya ripoti zimeze. Wengine wanaandika kwa ukali, labda wameshapuuzwa na miradi mingine kumi. Chukua hoja, maneno yapite.

Hatua ya 3: Irudie kwenye kompyuta yako

Simika toleo lilelile alilotaja, fuata hatua zake moja moja, uone kwa macho yako. Ikigoma muulize akuongezee maelezo. Siku hizi zinakuja ripoti zilizoandikwa na akili mnemba, ndefu, zimepangika, zinataja hadi jina la fankisheni ambayo kwenye msimbo wako haipo. Daniel Stenberg anayeongoza mradi wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, amelilalamikia hili hadharani, na curl ni mradi mkubwa, ikiwa yeye zinamlemea sembuse sisi. Dawa yake ni kuomba hatua za kurudia tatizo: mwenye ripoti ya kweli atakuletea, asiye nayo atapotea au ataleta gazeti jingine. Funga kwa upole uendelee. Ila usiikatae ripoti kwa sababu Kiingereza au Kiswahili chake ni kibovu, hicho sio kipimo.

Hatua ya 4: Pima uzito

Kuna kipimo kinaitwa CVSS, kinatoa namba kuanzia 0 mpaka 10. Kuanzia 4.0 hadi 6.9 ni wastani, 7.0 hadi 8.9 ni kubwa, 9.0 kwenda juu ni hatari kabisa. Log4Shell, lile tundu la Desemba 2021 lenye namba CVE-2021-44228 (CVE ni namba ya kulitambulisha tundu), lilipata 10 kamili. Tundu letu la risiti tukilipima kwa CVSS 3.1, kwa kuwa lazima uwe umeingia na akaunti, na unasoma tu huwezi kubadilisha, linatoka 6.5. Lingekuwa halihitaji akaunti lingepanda 7.5.

Namba inasaidia kupanga nini kianze, ila mimi siiachii iamue peke yake. 6.5 inasomeka "wastani", wakati kwa yule mama haikuwa wastani hata kidogo. Jiulize pia: taarifa hii ikivuja, nani anaumia, kwa namna gani, hapa kwetu?

Hatua ya 5: Tengeneza kiraka kimyakimya

Hapa wengi ndio wanajikwaa, maana mazoea ya opensosi ni kufanya kila kitu wazi. Ukisukuma komiti (badiliko la msimbo lililohifadhiwa) yenye ujumbe "zuia mtu kusoma risiti ya mwingine" kwenye tawi kuu wiki mbili kabla ya toleo, umeshatangaza tundu, kuna watu kazi yao ni kusoma komiti za wenzao. Kwenye ripoti ya siri GitHub wanakupa nafasi ya kufungua foku (nakala ya mradi) ya muda ya faragha, mnafanya kazi humo na mleta ripoti mnaweza kumuongeza. Jua tu kwamba majaribio ya otomatiki, yale ya Actions, hayakimbii kwenye hiyo foku, kwahiyo yaendeshe kwenye mashine yako kabla ya kuunganisha.

Kiraka chenyewe kwetu kilikuwa kidogo. Swali la zamani kwa databezi lilikuwa linasema lete risiti ambayo id ni hii. Jipya linasema lete risiti ambayo id ni hii NA mmiliki ni huyu aliyeingia. Isipopatikana tunarudisha 404, kama vile haipo, badala ya 403 ambayo inamwambia mtu kwamba ipo ila hujaruhusiwa, maana hata kujua kwamba risiti namba fulani ipo ni taarifa. Tukaandika na jaribio lenye watu wawili, Asha na Juma, Asha anaomba risiti ya Juma, lazima apate 404, asipopata toleo halitoki.

Halafu tafuta ndugu zake. Kosa moja la aina hii huwa haliko peke yake kwa sababu aliyeandika ni mtu yuleyule na mazoea yaleyale. Tulipopekua tulikuta pengo hilohilo kwenye ukurasa wa madeni na kwenye picha za mizigo. Tungeziba la risiti tu, siku tunatangaza mtu angeenda kujaribu milango ya jirani ndani ya lisaa.

Matoleo ya zamani unayoyahudumia nayo yawekee kiraka. Usimlazimishe mtu mwenye 1.8 kwenye kompyuta chakavu ahamie 2.x ndio awe salama.

Hatua ya 6: Kubalianeni tarehe

Mnakubaliana na mleta ripoti lini kitu kiwe wazi. Google Project Zero, timu ya Google ya kutafuta matundu, wanatoa siku 90, CERT/CC, kituo cha Marekani cha kuratibu ripoti za matundu, huwa siku 45. Sisi tunalenga chini ya 30 kwa sababu mradi ni mdogo. Kama tayari kuna mtu anautumia udhaifu huo kuumiza watu, tarehe zinakufa, toa kiraka haraka iwezekanavyo.

Siku ya kutoa nayo ichague kwa akili. Sio Ijumaa jioni. Kwetu kuna na kalenda nyingine: dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, kwahiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi inapumzika na watu wako nchi kavu. Wakati wa giza mwalo hauna nafasi, huwezi kumwambia katibu wa kikundi asimamishe mfumo nusu saa alfajiri mzigo unashuka. Kwahiyo tundu lisilo la dharura tunalipangia mbalamwezi, anayeapdeti anakuwa ametulia. Kwako itakuwa kitu kingine, mwisho wa mwezi kama ni mishahara, msimu wa mitihani kama ni shule. Muulize mtumiaji, anajua.

Omba na namba ya CVE mapema, utaratibu huo upo tangu 1999. GitHub wenyewe wana mamlaka ya kuzitoa, kuna kitufe ndani ya rasimu ya tangazo, wanapitia siku chache, na kuomba hakufanyi tangazo liwe wazi. CVE sio aibu kwa mradi. Ndio inayofanya zana za watu wengine zipige kengele kwa wale watumiaji usiowajua.

Hatua ya 7: Toa vyote siku moja

Unganisha kiraka, toa matoleo, chapisha tangazo la usalama, kwa mpangilio huo, bila kuachanisha. Tangazo liseme: matoleo gani yameathirika, gani yana kiraka, mtu anaweza kufanyiwa nini, afanyeje kama hawezi kuapdeti leo, na nani aligundua. Letu lilisema asiyeweza kuapdeti aitoe kompyuta kwenye intaneti aiache kwenye waifai ya ofisi tu. Ni kinga ya muda, waliomo kwenye waifai hiyo bado wanaweza kuchungulia, nalo tuliliandika wazi. Hatua za kuchokonoa tundu usiziweke siku hiyo, wape watu wiki kadhaa.

Andika kwa Kiswahili. Tunaandika na la Kiingereza pia, ila la kwanza ni Kiswahili, fupi, linaloweza kufowadiwa kwenye grupu la WhatsApp bila linki, maana wengine bando ni la WhatsApp tu.

Hatua ya 8: Wafuate

Pekua logi (kumbukumbu za seva za nani kafungua nini) uone kama kuna aliyepita kwenye tundu kabla yenu. Akaunti moja imefungua risiti 300 mfululizo kwa namba zinazofuatana, hiyo sio bahati mbaya. Kwenye seva zisizo zako mpe mwenye seva amri ya kupekua mwenyewe. Na kama taarifa za watu zimevuja kweli, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, anayeshikilia taarifa hizo anatakiwa kutoa taarifa huko, mkumbushe. Ukikwama kabisa TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama mtandaoni iliyo chini ya TCRA, ipo kwa mambo haya.

Mwandikie mleta ripoti mpe linki ya tangazo aone jina lake. Kijana wetu wa siku 19 tulimuomba radhi kwa maandishi, sasa ana ruhusa ya kupitia komiti zetu zinazogusa akaunti na ndiye aliyekamata tundu la pili.

Halafu toka uende. Kibirizi na Katonga nafika kwa bodaboda na flashi yenye toleo jipya. Kagunga tunaituma na nahodha wa boti, katibu anasimika huku mimi niko kwenye simu, akimaliza ananisomea namba ya toleo kwa sauti, nami naweka alama kwenye orodha.