Jinsi ya kuchagua vyombo vya kuchachushia na kukomazia mvinyo wa asali

Mvinyo wa asali unataka vyombo viwili vyenye tabia zinazopingana, na hapo ndipo wengi wanaoanza hukwama. Mtu ananunua mtungi mmoja mzuri, anamimina kila kitu humo, kisha anasubiri mwaka mzima. Lakini wiki za mwanzo hamira inataka nafasi: inatoa povu, inatoa gesi, na siku za mwanzoni kabisa inahitaji hata oksijeni kidogo ili izaliane. Uchachukaji ukishaisha mambo yanageuka. Kinywaji kilichotulia hakitaki hewa kabisa, kinataka chombo kilichojaa hadi shingoni. Kwa hiyo kabla hujauliza chombo kipi ni kizuri, jiulize kitafanya kazi gani na kwa muda gani.

Hatua ya 1: Piga hesabu kuanzia mwisho

Anza na kiasi unachotaka kubaki nacho. Tuseme ni lita 5 zilizokomaa. Chini ya chombo cha kwanza kutakuwa na mashapo, yaani tope la hamira na masalio ya asali, na huwezi kuhamisha kila tone bila kuyavuta pia. Mimi hukubali kupoteza kama sehemu moja kati ya saba, na zaidi ya hapo kama nimetia matunda. Basi chachusha lita 6.

Sasa povu. Acha angalau robo ya chombo ikiwa tupu. Lita 6 zitatosha kwenye ndoo ya lita 8, lakini ukipata ya lita 10 ichukue bila kusita. Katika awamu hii nafasi ya ziada haina madhara, kwa sababu gesi ya kaboni inatoka kwa wingi na kuisukuma hewa nje. Ni nyingi kuliko watu wanavyodhani: gramu 300 za asali katika kila lita, zikichachuka zote, hutoa zaidi ya lita 50 za gesi kwa lita moja ya kinywaji. Ikumbuke namba hiyo, itakuhusu tena ukifika kwenye chupa.

Orodha yako basi ni hii: ndoo ya lita 10, mtungi wa lita 5, na chupa mbili tatu ndogo za kuwekea kitakachozidi. Usizidharau hizo chupa ndogo.

Hatua ya 2: Chagua ndoo ya kuchachushia

Kwa awamu ya kwanza napendekeza ndoo ya plastiki kuliko mtungi wa kioo, hata kama mtungi unapendeza zaidi kuutazama. Ndoo ina mdomo mpana: unakoroga kwa urahisi, unatia virutubisho vya hamira bila faneli, unaweka na kutoa matunda, na mkono wako unafika hadi chini wakati wa kuosha. Ikianguka haivunjiki.

Ila si kila plastiki inafaa. Igeuze ndoo utazame alama ya pembetatu chini yake. Namba 1, 2 na 5 ndizo plastiki zinazotumika sana kwa vyakula. Kwa ndoo, 2 ndiyo ya kawaida. Namba peke yake haitoshi, kwa kuwa plastiki ya aina ileile inaweza kutengenezewa ndoo ya rangi za ukuta. Tafuta pia maandishi yanayosema ni ya chakula, au mchoro wa glasi na uma. Ndoo au dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, sabuni, rangi au dawa ya mimea usilijaribu hata ukiliosha mara ngapi.

Kama ndoo ilikuwa na chakula, ifanyie mtihani wa harufu: ijaze maji ya uvuguvugu, funika, iache hadi kesho yake, kisha funua na unuse. Ukinusa achari au vitunguu, na mvinyo wako utavinusa. Halafu pitisha vidole ndani. Mikwaruzo ni maficho ya bakteria ambako dawa ya kusafishia haifiki vizuri, ndiyo maana ndoo huoshwa kwa kitambaa laini, kamwe si kwa brashi ngumu wala steelwool ya jikoni. Ikishakwaruzika, ifanye ya kubebea maji ya kuoshea.

Hatua ya 3: Toa gesi, zuia hewa

Kifuniko kinahitaji tundu lenye valvu ya maji, kile kifaa kidogo kinachoachia gesi itoke kwa viputo bila kuruhusu hewa wala wadudu kuingia. Ukikosa valvu, mpira mwembamba uliochomekwa kwenye tundu na ncha yake kuzamishwa kwenye glasi ya maji hufanya kazi ileile. Kwa mvinyo wenye matunda naona mpira, tena ule mnene kidogo, ni salama zaidi: maganda hupanda na povu, huziba valvu, na shinikizo likijengeka kifuniko huruka na dari ikapata rangi mpya.

Povu pia hupanda ghafla ukinyunyiza unga mkavu wa virutubisho kwenye mchanganyiko unaochachuka, maana gesi iliyoyeyuka humo hutoka kwa mkupuo. Koroga kwanza taratibu gesi ipungue, kisha utie unga uliokwisha kuyeyushwa kwenye maji kidogo.

Jambo moja la kukutuliza: ndoo nyingi hazifungi barabara, gesi hupenya pembeni mwa kifuniko. Kutoona viputo hakumaanishi hamira imelala. Hidromita, kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye kinywaji, ndiyo itakayokwambia ukweli.

Hatua ya 4: Vitu vya kuacha kabisa

Mvinyo wa asali una uchachu, kwa kawaida pH yake huwa kati ya 3 na 4, na asidi hiyo hula metali. Kwa hiyo acha alumini, shaba, chuma cha kawaida na ndoo za mabati. Mabati yamepakwa zinki, na zinki ikiyeyuka kwenye kinywaji inaweza kukudhuru. Mitungi ya udongo iliyong'arishwa kwa rangi iache pia, isipokuwa una hakika rangi hiyo haina madini ya risasi.

Chupa kubwa za mashine za kupozea maji nyingi hubeba namba 7, na mara nyingi ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Mimi siziweki kwenye orodha.

Hatua ya 5: Chombo cha kukomazia

Hidromita ikionyesha kipimo kilekile kwa wiki mbili, na mashapo yakiwa yametulia, hamisha. Hapa kioo ndicho mfalme. Hakipitishi oksijeni, hakishiki harufu, na unaona kinywaji kinavyong'aa wiki hadi wiki. Plastiki ya namba 2 hupitisha oksijeni polepole kupitia kuta zake. Kwa mwezi mmoja hutaona tofauti, lakini kwa miezi sita utaonja ladha iliyopwaya na kuona rangi inayoelekea kahawia. Plastiki ya namba 1 huzuia oksijeni vizuri zaidi, na kwa miezi michache inavumilika kama kioo kinakutisha.

Na kioo kina haki ya kukutisha. Mtungi wa lita 20 uliojaa unapita kilo 25, na mikono ikiwa na maji huteleza. Usiuinue kwa shingo. Utie kwenye kreti imara kabla ya kuujaza. Usimimine maji ya moto kwenye kioo baridi, kwani hupasuka. Kama si lazima, nunua mitungi minne ya lita 5 badala ya mmoja wa lita 20. Utabeba kwa urahisi, na ukipasuka mmoja mingine itabaki.

Umbo nalo lina maana. Tafuta shingo nyembamba, kwa sababu kinywaji kikifika shingoni eneo linalogusana na hewa linakuwa dogo kama sarafu. Mitungi ya mdomo mpana, ile ya kuhifadhia achari, ni mizuri kuchachushia matunda, ila kukomazia siipendi: eneo la juu ni kubwa na kifuniko chake ni nadra kufunga sawasawa.

Jaza hadi ibaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5 chini ya kizibo. Kikipungua, ongeza kutoka kwenye zile chupa ndogo ulizojazia ziada. Ukiishiwa, tumbukiza gololi za kioo zilizosafishwa zipandishe kimo, au hamishia kwenye mtungi mdogo zaidi. Kuongeza maji ni kujipunguzia ladha na kilevi. Weka mtungi gizani au ufunike kwa kitambaa kizito, na kila baada ya wiki chache angalia maji ya valvu. Hukauka kimyakimya, na hapo mlango uko wazi.

Hatua ya 6: Stenlesi na pipa la mwaloni

Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, haivunjiki, haipitishi mwanga wala hewa, na hudumu miaka. Tatizo ni bei na kutoona ndani. Ukiwa nayo, usiisafishe kwa dawa yenye klorini, inaitoboa vitundu.

Pipa la mwaloni ndilo linalotamaniwa na kila anayeanza, hasa yale madogo ya lita 5. Fikiri kwanza. Pipa la kawaida la mvinyo ni la lita 225; la lita 5 linagusisha kila lita ya kinywaji na mbao zaidi ya mara tatu ya hilo kubwa. Ladha ya mbao inazidi ndani ya wiki chache, kabla kinywaji chenyewe hakijakomaa, na kingine kinapotea kwa kukauka kupitia mbao. Vipande vya mwaloni vilivyochomwa, vikitumbukizwa kwenye mtungi wa kioo na kuonjwa kila wiki, vinakupa ladha ileile na uamuzi unabaki mkononi mwako.

Hatua ya 7: Chupa

Chupa ya kawaida ya mvinyo ni ya kinywaji kisicho na gesi. Zirudie zile lita 50: hata sehemu ndogo ya gesi hiyo ikifungiwa kwenye chupa nyembamba, inapasuka na kurusha vigae. Kama utamu umebaki na hujaizuia hamira isiamke tena, usifunge. Ukitaka viputo kwa makusudi, tumia chupa nene za shampeni au za bia, na usizidishe sukari ya kuamshia hamira. Chupa za mapambo zenye pembe nne ni za kumimina mezani tu. Zenye kizibo cha gome zilaze ubavu kizibo kisikauke. Zenye vifuniko vya bati zisimamishe.