Jinsi ya kuisoma planshi halisi ya katuni: fuata wino, fuata hadithi

Planshi ninayofundishia ina kaze sita na baiskeli moja. Mzee aliyenifunza kazi ya wino ndiye aliyeniachia, na sasa naitunza hapa Kamalondo, Lubumbashi, imelazwa katikati ya mbao mbili. Planshi ni ukurasa mzima wa katuni kama ulivyotoka mkononi mwa mchoraji, kabla haujafika kwa mchapaji. Kaze ni kila kisanduku cha picha kilichomo. Hadithi yake kila mtu wa hapa anaijua: alfajiri, mwanaume anasukuma baiskeli yenye magunia ya makala, ndivyo tunavyoita makaa ya miti, anayaleta kuuza mjini, na njiani anakuta barieri, kizuizi cha barabarani.

Wengi wakiiona husema "mistari safi" halafu wanaondoka. Mimi naona hapo hawajaangalia bado. Mstari unakuwa mnene, mwembamba au unakatika kwa sababu hadithi ilihitaji hivyo, na asiyeuliza hadithi ilihitaji nini atabaki kusifu usafi tu. Watu wa Katanga tulilijua hili zamani. Miaka ya 1970 nyumba nyingi za mji huu zilitundika sebuleni picha za rangi, mamba muntu, yaani nguva, nusu mwanamke nusu samaki, au "Colonie belge", mfungwa akichapwa viboko wakati wa Wabelgiji, na walizipenda kwa ajili ya ukumbusho: mgeni anauliza, mwenye nyumba anasimulia. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima ya Kongo kwa mfululizo wa picha 101 na kuzieleza moja baada ya nyingine. Planshi nayo inataka msomaji wa namna hiyo.

Hatua ya 1: mwanga na mikono

Nawa mikono, ikauke kabisa. Weka planshi mezani karibu na dirisha, asubuhi, jua lisiipige moja kwa moja. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba, usiiache nje ya mbao usiku, maana karatasi inakunywa unyevu na kujikunja. Chai iwe chumba kingine.

Hatua ya 2: simama mbali, finya macho

Rudi nyuma hatua tatu. Finya macho mpaka mistari midogo ipotee na yabaki mabaka meusi na meupe tu. Sasa uliza: jicho langu limetua wapi kwanza, na kutoka hapo limeelekea wapi?

Kwenye planshi ya mzee, magunia ndiyo meusi. Katika kaze ya kwanza, ile pana ya juu, ni doa dogo kushoto, chini ya kilima. Safu ya pili ina kaze tatu nyembamba: gurudumu, mikono kwenye usukani, mguu. Katika zote tatu kuna weusi kidogo unaoingia kutoka juu, na kila kaze unashuka zaidi. Safu ya mwisho ina kaze mbili, na ya sita weusi umeifunika zaidi ya nusu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mzigo ni mzito. Unaongezeka kadiri jicho linavyoshuka kwenye ukurasa, na mgongo wako unajua kabla hujasoma neno. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado hapo ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi.

Si kila planshi ina mabaka ya namna hii. Mtindo wa Hergé, Mbelgiji aliyechora Tintin, ambao Mholanzi Joost Swarte aliupa jina la "mstari wazi" mwaka 1977, unatumia mstari wa unene ule ule karibu kila mahali, bila vivuli vizito. Ukikutana na planshi ya hivyo, acha kutafuta weusi. Tazama nafasi tupu na jinsi watu walivyoelekezwa, nani anamtazama nani.

Hatua ya 3: soma bila maneno

Funika viputo vya maneno kwa vipande vya karatasi safi, usivigandishe. Pitia kaze moja baada ya nyingine na usimulie kwa sauti kinachotokea. Pale unapokwama, ama mchoraji ameteleza ama ameyaachia maneno kazi hiyo. Angalia pia upana: kaze tatu nyembamba zilizobanana huenda kama pumzi fupi fupi, ile pana inakupa muda wa kuona njia yote.

Hatua ya 4: sogea, inamisha karatasi

Sasa karibia, ikiwezekana na lenzi. Kitabu kilichochapwa kinaonyesha weusi wa aina moja. Planshi halisi haifanyi hivyo. Ndani ya gunia utaona njia za burashi, mahali wino ulipokuwa mwingi na mahali ulipokaribia kuisha. Wino wa Kichina ni masizi na gundi, ndugu wa makala yenyewe, na kwa kuwa ni kaboni haupauki kama wino wa kalamu nyingi za feltri, ambao huelekea kahawia au zambarau miaka ikipita.

Jifunze kutofautisha vifaa. Mstari wa burashi huanza kwa ncha kali, unanenepa mkono ukigandamiza, unamalizikia kwa mkia mwembamba. Kalamu ya ncha ya chuma hufunguka ikigandamizwa, na kwenye mstari mnene lenzi inaweza kuonyesha mikwaruzo miwili ya pande za ncha. Kalamu hiyo huvutwa. Ukiisukuma mbele hukwama kwenye nyuzi za karatasi na kurusha matone. Kwa hiyo tazama unene ulipo na utajua mchoraji aligeuza karatasi upande gani. Mzee alichora spoku za gurudumu kwa kalamu, akizungusha karatasi kidogo kidogo. Kamba za magunia alizichora kwa burashi. Vumbi la njia ni burashi iliyokaribia kukauka, ikiburutwa ubavu mpaka mstari ukachanika. Mbinu tatu kwa vitu vitatu, na chuma, kamba na vumbi kila kimoja kina hali yake mkononi unapokigusa kwa macho.

Hatua ya 5: tafuta alipobadilisha mawazo

Gwashi nyeupe, rangi nzito ya maji, iliyofunika wino, kipande cha karatasi kilichobandikwa, penseli ambayo ufutio haukuimaliza. Ukiona samawati hafifu, usidhani ni uchafu: filamu iliyopiga picha kurasa kwa ajili ya kuchapa iliisoma rangi hiyo kama nyeupe, basi mchoraji hakuhitaji kuifuta. Gundi ya zamani ya viputo vilivyobandikwa hugeuka kahawia na kuachia. Kimoja kiliwahi kuning'inia mbele yangu nikiinua planshi kwa pembe. Tangu siku hiyo naibeba juu ya ubao.

Mwanafunzi mmoja alisimama muda mrefu mbele ya kaze ya sita, pale barieri. Akaniita yaya, yaani mkubwa wake, akauliza, "Yaya, huyu muntu, sura yake iko wapi?" Nikamwambia ainamishe karatasi kuelekea dirishani. Wino juu ya wino hung'aa tofauti. Ndani ya weusi wa gunia ikatokea paji la uso, pua, mdomo uliofumba. Mzee alikuwa amekwisha kuichora sura hiyo kwa wino, vizuri kabisa, kisha akaizamisha. Mwanafunzi alisikitika. Mimi naona huo ndio uamuzi bora wa planshi nzima: mikono ya kaze ya tatu ilikuwa imekwisha kutuambia mtu huyu amechoka kiasi gani, na wale wa barieri hawamwoni yeye, wanaona gunia.

Hatua ya 6: ipunguze

Planshi karibu zote huchorwa kubwa kuliko kitabu. Marekani, tangu mwisho wa miaka ya 1960, karatasi ya kawaida ni kama sentimita 28 kwa 43, nayo hupunguzwa hadi karibu theluthi mbili. Piga picha kwa simu, uipunguze, ulinganishe. Mistari ya kupishana iliyokaa karibu mno itaungana na kuwa baka. Mchoraji mzoefu huiachia nafasi ambayo kwenye planshi inaonekana kubwa kupita kiasi.

Hatua ya 7: nakili kaze moja

Moja tu, kwa ukubwa ule ule, kwa kifaa kile kile. Usiweke karatasi yako juu ya planshi ukafuatisha mistari. Iweke pembeni uitazame. Chagua kaze yenye mistari michache. Mimi humpa kila anayeanza ile ya mikono kwenye usukani, yenye kamba moja inayopita nyuma yake. Kamba hiyo nimeinakili mara nyingi, na mpaka leo mzee anaimaliza kwa mvuto mmoja mahali ambapo mimi nahitaji miwili.