Kabla Hujatoka Dikoni: Meli ya Doria Itakuonaje?

Meli ya doria ya jeshi la wanamaji, ile inayoweza kukaa bahari kuu wiki kadhaa, ina rada, kamera za usiku na boti za mpira za kasi. Ukiiona kwa mbali kutoka Nungwi au Kojani, moyo hutulia. Lakini ndugu zangu wavuvi, kuiona si kuonekana nayo. Dau dogo huonekana likitayarishwa, na matayarisho hayo ni ya pwani, kabla nanga haijang'olewa.

Anza na mlingoti. Rada hutuma mawimbi ikangoja yarudi. Chuma huyarudisha vizuri. Mbao na faiba huyarudisha kidogo mno. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, dau la mbao humezwa na alama za mawimbi kwenye kioo cha rada. Dawa yake haina gharama kubwa: kiakisi cha rada, yaani mabamba matatu ya alumini yaliyopachikwa yakakatana, kila moja likiwa pembe mraba kwa mwenziwe. Tia mkono uguse: kila kona iwe sawasawa na kona ya ndani ya sanduku. Bamba likipinda, linyooshe kabla ya safari, maana kona iliyolegea hupeleka mawimbi kwingine. Kisha kipandishe kiakisi juu kabisa ya mlingoti. Kikiachwa chini karibu na ngama hakisaidii kitu.

La pili ni saa, na hili naliwekea mkazo kuliko yote. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Kaskazi huupunguza kasi, kusi huuongeza mpaka ukafika hata nodi 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Mashine ikizimika mashariki ya Unguja na mkondo uko hivyo, baada ya saa 6 umeshachukuliwa maili 24 za baharini. Nahodha wa meli akiambiwa tu "wametoka asubuhi", atafute wapi? Muachie bwana diko, msimamizi wa diko lenu, karatasi: saa ya kutoka, mnakoelekea, saa ya kurudi na rangi ya tanga. Mashine ikifa, tazama saa papo hapo uiandike.

Andika na idadi ya watu, hata mtoto aliyedandia dakika ya mwisho. Meli ya abiria MV Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na hesabu yao ikazua utata. Familia iliyofiwa haistahili kubishaniwa kama mtu wake alikuwemo.

Simu hupoteza mtandao ukishatoka mbali. Chukua redio ya VHF iliyojaa chaji, ndani ya mfuko usiopitisha maji, na uiweke chaneli 16, ya wito wa dharura. Sema "Mayday" mara tatu, jina la chombo, mlipo, tatizo, idadi ya watu. Antena ya meli iko juu, kwa hiyo itakusikia kwa masafa marefu kuliko dau mwenzio. Maboya ya kuvaa, upo wa kufulia maji na leseni havihitaji maelezo, viwepo.

Mwisho, panga chombo kwa ajili ya kupandwa, iwe ni kukaguliwa au kuokolewa. Boti yao ya mpira mara nyingi huja upande wa demani, usiopigwa na upepo, ambako maji yametulia. Upande huo usiwe na mishipi wala nyavu zinazoning'inia, na kila ndoana ichomekwe kwenye kizibo.