Nakala ya gemu ikigoma kwenye PS2, anza na kasi uliyochomea
Ndugu zangu wa Tanga mnaocheza PlayStation 2 (PS2) iliyowekwa chipu ya kuiwezesha kusoma nakala, nakala ya gemu lako ikigoma kusoma usikimbilie kumlaumu fundi. Angalia kwanza umeichomaje. Programu ya kuchomea ukiiacha yenyewe huenda ikachagua kasi kubwa, na lenzi ya mashine inayosoma diski, ikiwa imechoka, hupata tabu na diski za namna hiyo. Shusha hadi 4x, usifungue kitu kingine kwenye kompyuta, ikimaliza iache ihakiki. Nunua DVD-R (yenye alama ya kutoa), kwani DVD+R (yenye alama ya kujumlisha) na zile za kufutika husumbua sana mashine hizi.

Halafu geuza diski halisi utazame tumbo lake. La buluu ni CD, nakala yake ichome kwenye CD-R ya MB 700. La fedha ni DVD. Mimi niliharibu diski tatu nzima, zimetoka dukani Ngamiani siku hiyohiyo, kwa kutotazama tumbo tu.

Kama hata diski halisi inakwama, hapo ni lenzi. Huku pwani unyevu na chumvi haviiachi salama. Chomoa umeme, lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti kidogo, futa bila kukandamiza, subiri ikauke ndipo uwashe.